Jina Lililofunikwa na Ngoma

Mbuzi wa mzee Yeremia walikuwa wamekwisha kumzoea. Kila jua linapoanza kulegea, anatoka ndani amejifunga kaniki ya marehemu mkewe, kashika fimbo, anasimama nje ya zizi, anakohoa kidogo na kusema, "Mbukwa!" Siku za mwanzo walikuwa wanakimbilia kona ya mbali wakilia. Sasa wanamtazama tu huku wakitafuna.

Asiyejua na ajue leo kwamba "Mbukwa" ndiyo salamu ya Wagogo. Ukisalimiwa hivyo unajibu "Mbukwenyi," na usipojibu ni kama umemtemea mtu mate. Mbuzi hawana habari hizo. Basi Yeremia anasubiri kidogo, halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti ndogo, "Mbukwenyi," na kugeuka kutazama kama kuna aliyemsikia. Amsikie nani? Nyumba yake ni ya mwisho Kilimatinde, pale kilima kinapokatika na bonde kuanza huko chini, na tangu mkewe Esta azikwe njia ile haina mpitaji zaidi ya wachunga ng'ombe.

Alikuwa anafanya mazoezi. Mzee mzima, mstaafu wa reli, aliyepeperusha bendera za treni pale Saranda mpaka nywele zikawa nyeupe, leo anajifunza kuwa mwanamke. Tena mwanamke mwenyewe Nyemo.

Nyemo humjui. Usijali, hata Kilimatinde kwenyewe ukimtaja wanakuuliza, nani huyo, wa ukoo gani? Alikuwa mama wa bibi yake Esta. Wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, Mjerumani anakimbia na Mwingereza anafukuza, wote wawili walikuwa wanakamata wanaume wa huku kuwabebesha mizigo. Wapagazi walipitishwa kilima hiki makundi kwa makundi, na Nyemo alikaa kando ya njia na kibuyu cha maji. Kila aliyekunywa alimuuliza: jina lako nani, na kwenu wapi? Hakujua kuandika, aliyaweka kichwani. Wachache waliorudi walipita njia ile ile, naye akawauliza: fulani yuko wapi? Na fulani? Vita vikaisha, ikaja njaa ile ya kutisha ambayo wazee waliiita Mtunya, na katikati ya njaa hiyo mwanamke huyu akachukua fimbo, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, Saranda, Kintinku, Chikuyu, Makutupora, kupeleka habari za wanaume ambao hawatarudi.

Sasa sikiliza. Kwa jinsi ilivyosimuliwa katika ukoo wa kina Esta, mleta habari ya kifo hakuingia ndani ya nyumba. Alisimama nje ya zizi, akasalimia, akangoja. Akijibiwa, anasema habari yake, anapewa maji ya kunywa, anaondoka. Asipojibiwa, haruhusiwi kufungua mdomo. Hebu fikiria mwenyewe. Mama yuko ndani, mwanawe alichukuliwa na Wazungu, anachungulia anamwona Nyemo anakuja na fimbo yake. Atajibu? Thubutu! Walinyamaza. Waliwaziba watoto midomo. Asiposema, basi mtoto hajafa, atarudi tu. Nyemo alisimama kwenye mazizi ya watu mpaka miguu ikavimba, na wengine hawakumjibu kamwe. Walimwogopa hata kumtaja, na hivyo ndivyo alivyosahauliwa.

Bibi yake Esta ndiye hakumsahau. Alimrithisha mjukuu wake majina yote, na Esta akayatengenezea mchezo wa mtu mmoja, akawa anauonyesha mashuleni na kwenye mikutano ya kanisa. Mtu mmoja kwa macho ya watazamaji, maana nyuma ya khanga iliyotundikwa alikuwepo Yeremia, ngoma katikati ya mapaja. Ngoma ya muheme, ngoma ya wanawake! Ndiyo sababu alijificha. Esta akisimama na kusema "Mbukwa," yeye anaitikia kutoka nyuma ya khanga, "Mbukwenyi," na Esta anaanza kutaja majina. Likifika jina la mwisho, Yeremia anaitandika ngoma kwa nguvu zake zote, mchezo umekwisha, watu wanapiga makofi.

Tatizo aliliona baada ya mazishi, siku alipojaribu kuyataja peke yake. Majina yote anayo, ameyasikia maisha yake yote ya ndoa. La mwisho hana. Hajawahi kulisikia hata mara moja. Kila lilipotamkwa, alikuwa analifunika na ngoma yake mwenyewe.

Na alikuwa ameahidi. Usiku ule hospitalini Esta alimshika mkono akamwambia, "Mume wangu, nisizikwe nayo yale majina. Yataje wewe."

"Nitayataja."

"Yote?"

"Yote, mama."

Hakukumbuka kuuliza. Na wewe ungekumbuka, mkeo anahema kwa shida mbele yako? Alfajiri alimfumba macho kwa mkono wake, akatoka nje na kuanza kupiga simu. Akampigia Winfrida, binti yao, aliyeolewa Utemini, mjini Singida. Akampigia Hana, dada yake Esta. Akampigia mchungaji, akawapigia ndugu wa Manyoni na wa Itigi. Kila mmoja alipasuka kilio kwenye simu, naye akawa anawaambia, jikazeni, jamani, jikazeni. Mpaka kaburi linafukiwa, yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa maturubai yako wapi na sufuria kubwa zimetoka kwa nani. Watu wakasema, mzee huyu ana moyo wa chuma, hata chozi hakudondosha. Kisha wakakunja maturubai yao wakaenda.

Aliyelijua lile jina alikuwa mmoja tu aliyebaki, naye ni Hana. Yeremia alipiga moyo konde akaenda kwake. Alimkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Ungo haukusimama.

"Shemeji, nimekuja kuuliza jina moja tu. La mwisho, katika yale ya Nyemo."

"Nasikia unavaa nguo ya mdogo wangu."

"Ile ndiyo kaniki ya mchezo, shemeji. Ya Nyemo."

"Ya Nyemo wapi? Kaniki ile niliinunua mimi mnadani, nikampa Esta kwa mkono wangu." Hana aliweka ungo chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Esta, na hilo ndilo lililomfanya Yeremia aangalie pembeni. "Leo naambiwa mwanaume anajifunga hiyo kaniki, anacheza na mbuzi. Esta amekuwa kichekesho cha kijiji?"

"Simwigizi Esta. Nataja majina. Aliniomba."

"Basi yataje uliyo nayo. Lile sitampa mtu anayeigiza maiti ya mke wake. Nenda, Yeremia."

Akaenda. Alipita njia ya nyuma ya kanisa, asikutane na mtu wa kumuuliza habari za huko.

Jioni ile Winfrida alipiga simu kama kawaida yake. "Baba, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekula." Alikuwa hajala.

"Baba, uje ukae na sisi huku Utemini. Chumba kipo. Peke yako huko unaongea na mbuzi."

"Nani kakwambia naongea na mbuzi?"

"Kijiji kizima, baba."

Alicheka, Winfrida naye akacheka. Yeremia akamwambia atakuja, lakini baada ya uzinduzi wa mradi wa maji, maana mtendaji wa kijiji amempa nafasi ya kumwonyesha Nyemo siku hiyo, na yeye alisema ndiyo. Hakumwambia kwamba kuna jina hana. Simu ilipokatika, nyumba ikawa kimya mpaka akasikia panya darini. Ndala za Esta zilikuwa bado chini ya kitanda, upande wake, na Yeremia alilala upande wa pili bila kuvuka katikati, kama alivyolala siku zote.

Siku ya uzinduzi ikafika. Watu walijaa uwanja wa shule, viti vya mbele wageni na wazee, nyuma vijana na simu zao. Bomba lilifunguliwa, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele, hotuba zikafuatana mpaka wazee wakaanza kusinzia. Ndipo Calist, mshereheshaji, kijana mwenye mdomo usiojua kupumzika, akashika kipaza sauti.

"Wananchi, sasa tucheke kidogo! Tunaye mchekeshaji wetu wa nyumbani. Safari hii babu yetu kawa bibi! Makofi!"

Laiti angemuuliza kwanza mtu yeyote! Lakini Calist aliona mzee wa kiume kavaa kaniki, akajumlisha mwenyewe. Uwanja mzima ukaangua kicheko hata kabla Yeremia hajafika katikati. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akaita, "Mchumba!" Yeremia masikio yalimuwaka moto. Alitamani kurudi nyuma ya khanga yake, lakini khanga haikuwepo, na ngoma aliiacha nyumbani, maana mtu hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Akaanza. Akasema habari za njia na wapagazi, habari za kibuyu. Vijana wakaendelea kucheka, ila kicheko kikawa kinapungua kipande kwa kipande, kwa sababu hapakuwa na cha kuchekesha. Alipofika mahali pa Mtunya, mtoto mmoja tu ndiye alikuwa bado anacheka, na mama yake akamfinya.

Akashika fimbo kwa mikono miwili. Akakohoa. "Mbukwa!"

Vijana hawakujua kama wanatakiwa kujibu. Wazee wa mbele, wao walijua fika. Walikuwa wamesikia utotoni kwamba kuna salamu ambayo haijibiwi, na waliitambua ile namna ya kusimama. Mzee mmoja akainamia kofia yake. Mwingine akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Katika nyumba zao kulikuwa na babu aliyekwenda na Wazungu, na hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kuitika.

Yeremia alikuwa amepanga kujijibu mwenyewe, kama anavyofanya kwa mbuzi. Akafungua mdomo, neno likagoma kutoka. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuitikia tu, mwite usingizini angeitikia, na leo hawezi! Akabaki amesimama pale juani na kaniki ya mkewe, jasho linamtiririka, na upweke uliokuwa ukimkalia nyumbani ukamjia mbele za watu wote.

"Mbukwa," akasema tena. Sauti ilikuwa karibu ya kuomba.

"Mbukwenyi."

Ilitoka nyuma kabisa, kwenye ukuta wa darasa, walikosimama akina mama. Vichwa vikageuka. Hana alikuwa amesimama peke yake, wenzake wamesogea pembeni, na uso wake haukuonyesha kama amesamehe wala nini. Ila ameitika.

Yeremia akavuta pumzi. "Masinga wa Saranda. Alikufa kwa homa, wenzake walimfunika kwa majani. Mtalo wa Kintinku. Alizama na mzigo wake. Nhonya wa Makutupora, na ndugu yake Nhonya mdogo. Chisunga wa Chikuyu..." Yakaendelea kutoka, moja linavuta jingine, kama yalivyokuwa yakitoka kinywani mwa Esta. Yule mzee wa kofia aliposikia jina la Kintinku akainua kichwa, mdomo wazi. Mama mmoja akajifunika uso kwa khanga. Hata Calist alikishusha kipaza sauti.

Kisha yakaisha aliyo nayo. Akasimama mahali pa jina la mwisho, mikono ikajikuta inatafuta ngoma ambayo haipo. Watu wakangoja. Akageuka akamtazama Hana ng'ambo ya uwanja.

"La mwisho silijui," akasema.

Baadhi wakacheka, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo.

"Huwezi kulijua," Hana akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ulikuwa unapiga ngoma." Akaanza kuja, polepole, kwa miguu yake mibovu, watu wakimpisha, mpaka akafika mbele. "Nyemo asingelitaja mbele za watu. Mwanamke wa zamani hataji jina la mumewe. Ndiyo maana Esta alikuwa analisema wewe unapiga. Lakini mimi ni kitukuu, mimi nalitaja. Ndahani. Ndahani wa hapa hapa Kilimatinde."

"Ndahani wa Kilimatinde," Yeremia akarudia. Hapakuwa na ngoma ya kulifunika, na kila mtu uwanjani alilisikia.

Hana akachukua kikombe kutoka meza ya wageni, akaenda bombani, akakijaza, akampa. Yeremia akakipokea, akanywa. Makofi yalipigwa, lakini yalichelewa, na mzee wa kofia alikuwa tayari amesimama anauliza wanaouza soda kama kuna anayejua ukoo wa Mtalo.

Baadaye, watu wakila pilau, wawili hao walikaa kwenye msingi wa darasa, sahani mapajani. Yeremia alikuwa amekwisha kuvua kaniki, akaikunja vizuri akamrudishia. Hana hakuipokea.

"Shemeji," Yeremia akauliza, "na yeye Nyemo, nani alimletea habari za mumewe?"

"Hakuna. Alimwona mwenyewe. Ndahani alirudi mgonjwa, akaanguka pale njiani, karibu na kibuyu chake. Alimfumba macho mwenyewe, akamzika mwenyewe."

"Hakuna aliyekuja zizini kwake?"

"Nani angekuja? Mpeleka habari alikuwa yeye. Watu walijua anajua." Hana alikuwa anapeleka kijiko mdomoni, akakisimamisha njiani. Akamtazama Yeremia muda mrefu, sahani yake ikapoa, kisha akasema ana safari ya kurudi nyumbani mapema.

Kesho yake asubuhi Yeremia alikuwa anakunywa chai ya rangi, mfuko wake wa safari ya Utemini uko mlangoni umefungwa, akasikia mtu anakohoa nje. Akachungulia dirishani. Hana alikuwa amesimama nje ya zizi la mbuzi, amejifunga kaniki yake mwenyewe, mkononi kashika fimbo. Hakupiga hodi. Wala hakusogelea mlango.

"Mbukwa!" Hana akasema.

Yeremia akaweka kikombe mezani, kikapinduka, chai ikamwagika, hakuijali. Alirudi nyuma akajibanza ukutani kama mtoto aliyevunja kitu. Alifikiri, nikinyamaza atachoka. Miguu yake mibovu, ataondoka.

"Mbukwa!"

Toka pale ukutani alikuwa anaona ndala za Esta chini ya kitanda, zimeelekezwa mlangoni, tayari kuvaliwa. Kila mtu alikuwa amepewa habari, kwa kinywa cha Yeremia mwenyewe. Winfrida, Hana, mchungaji, Itigi yote. Yeye hakuna aliyempa. Akaziangalia zile ndala, akajua kabisa kwamba akiitika tu, zitakuwa ndala za marehemu.

Jua likapanda juu ya paa. Mbuzi walianza kulia, wanataka kutolewa malishoni. Hana hakuondoka.

"Mbukwenyi," Yeremia akasema hatimaye, nyuma ya pazia la mlango, kwa sauti ile ile ya miaka yote.

"Yeremia, nimeleta habari. Mkeo Esta, mdogo wangu, amefariki. Amezikwa hapo kanisani, udongo nimeumwaga kwa mkono wangu."

Pazia likafunguliwa. "Esta?" akauliza, kwa mshangao wa mtu anayeambiwa leo.

"Esta."

Yeremia akakaa chini pale pale kizingitini. Akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, mpaka mbuzi wakanyamaza. Hana alisimama mahali pake, fimbo mkononi, machozi yanamtoka naye, na hakumwambia ajikaze.

Alipoweza kusimama, aliingia ndani, akachota maji kwenye mtungi, akayaleta kwa mikono miwili mpaka zizini. Hana akanywa yote.